Saa Moja Juu ya Maganda ya Mahindi

Hapakuwa na suruali iliyopita kijijini pale ambayo Fundi Pindo hakuijua kwa ndani. Alikuwa ameshona sare za shule, magauni ya maharusi, makoti ya wazee, na suruali za heshima za watu ambao mwishowe walizikwa nazo. Jina la Pindo alipewa kwa sababu pindo lake halikufumuka. Suruali ingechakaa magotini, ikatatuka makalioni, ikarithiwa na mdogo mtu na mdogo wa mdogo mtu, lakini pindo lingebaki palepale kama siku lilipozaliwa.

Kisha mitumba ikaingia. Kila siku ya soko marobota yalifunguliwa, na watu wakajinunulia suruali zilizoshonwa na mafundi wasiowajua, za marehemu wasiowajua, tena zenye pindo la hovyo. Mwanzoni walimletea Fundi azipunguze. Baadaye hata kupunguza wakaacha, wakawa wanakunja tu. Fundi alikaa nyuma ya cherehani yake kutwa nzima akitazama miguu ya watu ikipita barabarani na mikunjo yake, roho ikimuuma kama mganga anayeona wagonjwa wanajipaka matope.

Siku mkewe alipoanza kuanika vijiko juu ya cherehani, Fundi alijua maji yamefika shingoni.

"Mama watoto, hii ni mashine."

"Najua ni mashine, baba. Ndiyo maana nimeweka vijiko, sikuweka sufuria."

Juma hilohilo akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa mjini mwenye duka la mabati na misumari. Alikuja na zawadi kwenye mfuko wa karatasi. Fundi alipoufungua akakuta kofia ya mlinzi wa getini, yenye nembo ya duka mbele.

"Nimekutafutia kazi, shemeji," akasema yule kaka mtu, akijipepea kwa mfuko mtupu. "Kazi yenyewe ni kukaa. Kukaa unajua?"

"Nimekaa kwenye kiti hiki miaka thelathini na minne."

"Basi uzoefu unao. Jaribu kofia."

Fundi hakuijaribu. Mkewe ndiye aliyemvika, akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama kwa kichwa kilichoinamishwa upande. "Inakukaa vizuri," akasema, lakini hakusema kwa furaha.

"Mwisho wa mwezi, Jumamosi, nakuja na gari," akasema shemeji. "Nikikukuta na kazi hapa, kazi ya kweli, nitatafuta mlinzi mwingine. Nikikukuta unatazama miguu ya watu, unapanda."

Alipoondoka, Fundi aliivua kofia akaitazama kwa ndani. Mshono wa mashine kubwa, uzi mbaya. Kazi ya getini hakuidharau, kwani kazi ni kazi. Kilichomkaa kooni ni kwamba tangu apate akili hakuwahi kulinda kitu ambacho hakukitengeneza mwenyewe.

Mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha. Kila nyumba ilikuwa na kichuguu cha maganda ya mahindi uani, yale makavu yanayolifunika hindi kama shuka, na kila mtu alikuwa akiyachoma. Kijiji kizima kilikohoa. Siku moja Fundi alikaa juu ya kichuguu cha kwao kumsubiri mkewe amalize kupukuchua, akasema afumbe macho kidogo tu. Alipoyafumbua jua lilikuwa limehama upande wa pili wa nyumba, na mkewe alikuwa amesimama juu yake na ungo.

"Umelala saa tatu," mkewe akasema. "Nilikupigia kelele, nikakurushia gunzi."

Fundi alikuwa akibonyeza maganda kwa kiganja, yanashuka, yanapanda. Akainuka bila kujipangusa, akaenda kutafuta futi yake.

Godoro la kwanza alilishona kwa marudufu, kitambaa kizito cha mistari, kipande alichokuwa nacho tangu enzi za biashara, akakijaza maganda, akafunga mdomo kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Lilikuwa laini, limekaa sawa, pembe zote nne zimesimama kama askari. Lilikuwa na kasoro moja tu. Asubuhi iliyofuata jirani yao, mfugaji aitwaye Bwana Maziwa, alisimama kwenye ua akauliza kwa adabu, "Samahani jirani, jana usiku mlikuwa mnakaanga nini muda wote ule?"

Mke wa Fundi akaingia ndani, na kwa siku mbili hakutoka kwa mlango wa mbele.

Fundi hakukata tamaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alipigilia misumari kwenye ubao, ikasimama kama meno ya kitana, akaanza kuchana maganda yakawa nyuzi nyembamba. Maganda yaliyochanwa hayakupiga kelele. Akaita akina mama sita waje kuchana naye, wakiongozwa na mwanamke aliyeitwa Mama Sauti, kwa sababu mnong'ono wake ulisikika ng'ambo ya mto. Alipowaambia kila mtu atapata fungu lake magodoro yakiuzwa, walihamia uani kwake na mbao zao, na uchomaji wa maganda ukakoma kijijini. Watu waliokuwa wakikohoa wakapona.

Kilichobaki ni wadudu. Maganda huvuta wadudu, na nani atalala na wadudu? Fundi aliwaza siku nzima, na jibu likatoka ndani ya kazi yake. Kitambaa kinachochuja rangi hulowekwa kwenye maji ya chumvi, rangi ikashika. Samaki huwekwa chumvi, hawaozi. Ngozi vilevile. Kwa hiyo chumvi ni rafiki wa kila kitu kinachotaka kudumu. Akanunua chumvi ya mawe, akaloweka maganda yote yaliyochanwa, akayaanika mpaka yakakauka na kung'aa kidogo, akayashindilia kwenye magunia.

Hili ni kosa ambalo mfugaji hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Lakini Fundi hakuwahi kufuga zaidi ya kuku mmoja, tena wa kupewa.

Bwana Maziwa alipita, akachungulia juu ya ua, akaokota uzi mmoja wa ganda, akaulamba. Macho yakampanuka kwa heshima.

"Umetia chumvi, jirani?"

"Nimetia."

"Sikujua una akili hizi. Watakupenda."

"Ndiyo nia yenyewe," akasema Fundi, akimfikiria kila atakayelala juu ya magodoro yake. Bwana Maziwa naye alikuwa akifikiria wengine kabisa, wenye pembe. Wakaagana kila mmoja akiwa ameridhika.

Habari za godoro zilimfikia Matroni wa shule ya bweni iliyokuwa juu ya kilima. Alikuwa mwanamke mpana, mrefu, asiyecheka siku za kazi, na kwake kila siku ilikuwa ya kazi. Alikuja karakana kwa Fundi na mwavuli, akalibonyeza godoro kwa kidole kimoja kama anayepima papai.

"Nina wasichana sitini wanaolala juu ya sponji nyembamba kama mkate," akasema. "Nahitaji magodoro sitini. Lakini siagizi kitu ambacho mgongo wangu haujakitolea ushahidi. Jumamosi saa nane mchana nitakuja kulala hapa. Nikilala saa nzima bila kuamka, nachukua yote sitini. Likinichoma, likinikera, likinipigia kelele, nikaamka kabla ya saa tisa, nitakuaga kwa heri."

Jumamosi yenyewe ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi.

Siku ikafika. Karakana ilifagiliwa mara mbili. Godoro jipya, lenye maganda ya chumvi, lilitandazwa juu ya meza ya kukatia, kwa maana ndiyo samani pekee iliyoweza kumbeba Matroni. Alipanda kwa kutumia kigoda, akavua viatu, akalala chali, kichwa kikielekea ukutani na miguu ikielekea mlango wa nyuma.

"Kuna joto," akasema akiwa amefumba macho. "Fungueni huo mlango nipate upepo."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akina mama sita walikaa sakafuni wakiwa wamejipanga ukutani. Mama Sauti alikuwa ametia kitambaa mdomoni mwenyewe kwa hiari yake. Kwenye rafu saa ya mezani ilikuwa ikisoma nane na dakika mbili. Ilipofika nane na dakika tano, Matroni alianza kukoroma, mkoromo mzuri, wa chini kwa chini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akamkonyeza.

Ilipofika nane na robo, mlango wa nyuma ukawa na giza.

Alikuwa Mkaguzi, ng'ombe wa Bwana Maziwa, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kuingiza kichwa katika kila nyumba kuona kuna nini. Aliingiza kichwa. Aliona kuna nini. Akavuta pumzi ndefu ya chumvi, akapiga hatua mbili ndani kwa utulivu wa mtu aliyealikwa, na meza ya kukatia ikamfika kifuani barabara kama hori lililotengenezwa kwa kipimo chake. Akatoa ulimi, akalamba pembe ya godoro chini ya miguu ya Matroni. Halafu akaing'ata.

Fundi alishika pembe moja ya ng'ombe, mkewe akashika nyingine. Wakasukuma. Mkaguzi hakusogea, ila alitafuna. Mama mmoja akaenda nje akavuta mkia. Mkaguzi aliuchukulia kama pongezi. Kumpiga haikuwezekana, angelia. Kumfokea ndiyo kabisa. Mke wa Fundi akatoka mbio akarudi na Bwana Maziwa, ambaye aliona ng'ombe wake, akaona Matroni, akaona vidole vimewekwa midomoni.

"Mwambie atoke," Fundi akamnong'oneza sikioni.

Bwana Maziwa akainama kwenye sikio la ng'ombe, akanong'ona. Akanong'ona tena. Kisha akamgeukia Fundi kwa masikitiko. "Haelewi minong'ono. Amezoea matusi."

"Hata moja la taratibu?"

"La taratibu si tusi, jirani."

Marudufu yalichanika kwa sauti ndogo, *kwaruu*, na maganda yakaanza kutoka. Lazima isemwe kwa haki kwamba pindo halikufumuka. Ng'ombe alikula kitambaa, akaliacha pindo linaning'inia peke yake hewani, zima, na hata katika taabu ile Fundi aliliona na moyo ukamtulia kidogo. Lakini upande wa miguu wa godoro ulikuwa ukishuka. Visigino vya Matroni vilizama kidole kimoja, vikazama viwili. Mkoromo ukakatika. Wote wakaacha kupumua. Ukarudi.

Ndipo Mama Sauti, ambaye hakuweza kusema, akafanya. Alikwenda uani akarudi na gunia la maganda, akamwonyesha Fundi ubavu wa godoro, akaiga kwa mikono mtu anayejaza mto. Fundi akaelewa. Alichukua wembe, akafumua mshono wa ubavuni, kitu ambacho hakuwahi kukifanyia kazi yake mwenyewe katika miaka thelathini na minne, na akina mama wakaanza kuingiza maganda, konzi kwa konzi, upande mmoja, huku Mkaguzi akiyatoa upande mwingine. Ilikuwa kama kijiji kinachojenga nyumba wakati mpangaji anaila.

Saa nane na dakika thelathini na tano. Mama wa tatu aliingiza, wa nne akachota, wa tano akaenda kwenye gunia. Tatizo ni kwamba maganda mapya yalibaki kichwani na ya zamani yaliliwa miguuni. Matroni alianza kuinuka upande wa kichwa. Saa nane na dakika arobaini alikuwa kama mtu aliyeegemea kochi. Dakika kumi baadaye alikuwa kama mtu anayesikiliza hotuba, na alikuwa akiteleza polepole kuelekea kwa ng'ombe.

Wakati huo shemeji akafika. Alisimama mlango wa mbele na viatu vyake vya mjini vinavyong'aa, akafungua mdomo kupiga hodi, na Mama Sauti akauziba kwa kiganja chenye chumvi.

"Kaka, usiseme neno," mke wa Fundi akamnong'oneza. "Shika pembe."

"Pembe ipi?"

"Ya kushoto."

Alishika. Hakujua kwa nini anashika, lakini sauti ya dada yake ilikuwa ileile ya zamani, aliyotumia utotoni kumtuma maji. Mkaguzi alimkanyaga kiatu, akakaa juu yake. Shemeji alifumba macho, machozi mawili yakamtoka, hakutoa sauti. Tangu siku hiyo Fundi alimheshimu.

Saa nane na dakika hamsini na tano, miguu ya Matroni ilifika. Mkaguzi alikuta nyayo mahali palipokuwa na godoro. Alifikiri kidogo, akaulamba mmoja kutoka kisigino hadi dole gumba.

Matroni alicheka.

Alicheka akiwa usingizini, kicheko chembamba cha msichana mdogo, ambacho hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kukisikia wala aliyedhani kinaishi ndani yake. Akasema, "Acha bwana," akajigeuza ubavu, akaendelea kukoroma.

Mama Sauti alikaa chini akauma kitambaa, mabega yakimtikisika. Bwana Maziwa, aliyeshika pembe ya kulia, aligeuza uso ukutani. Fundi pekee hakucheka. Alikuwa akiitazama saa kama mtu anayetazama mtoto anayejifunza kutembea. Dakika tatu. Mbili. Mkewe akaja akasimama karibu naye akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa umejaa nyuzi za maganda.

Saa tisa. Saa tisa na dakika moja. Saa tisa na dakika saba, Mkaguzi, akiwa ameshiba, aliinua kichwa akalia kama ng'ombe.

Matroni akafungua macho. Kwa namna alivyokuwa ameinuliwa, alikuwa karibu amesimama. Mbele yake palikuwa na uso mpana wenye utepe wa marudufu mdomoni, na kila upande wa uso huo palikuwa na mwanamume ameshika pembe.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Tisa na dakika saba, Matroni," akasema Fundi.

"Niliamka katikati?"

"Hukuamka. Ulicheka mara moja."

"Sikucheka."

"Hukucheka," akasema Fundi.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni Mkaguzi," akasema Bwana Maziwa.

Matroni alimtazama ng'ombe. "Nilidhani mkaguzi ni mimi." Akachukua uzi wa ganda kwenye nywele zake, akaulamba, akakunja uso. "Chumvi. Fundi, umetia chumvi kwenye godoro?"

"Kwa ajili ya wadudu. Lisije likaoza."

"Wadudu?" Bwana Maziwa akaachia pembe. "Jirani, mimi nilidhani unafungua biashara ya malisho. Mabua makavu ukitaka ng'ombe ayale, unayanyunyizia maji ya chumvi. Mtoto wa miaka mitano anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikusifu. Ulitaka nini tena?"

Hapo kitambaa kikamtoka Mama Sauti mdomoni, na kile alichokuwa amekizuia kwa saa nzima kikatoka pamoja nacho. Walisema baadaye kwamba watu wa ng'ambo ya mto waliacha majembe wakaja kuuliza kama kuna msiba.

Fundi alisimama katikati ya kicheko kile na wembe mkononi. Alitazama godoro lake: kichwani mlima, miguuni shimo, pindo linaning'inia. Alimwona shemeji akivua kiatu na kukipuliza. Akajua kwamba kwa mtu yeyote mwenye macho, hii haikufanana na kazi ya kweli.

Matroni alishuka mezani bila kigoda. Alivaa viatu vyake, akashika mwavuli.

"Nilisema nikilala saa nzima nachukua sitini," akasema. "Sijalala hivyo tangu nikabidhiwe bweni. Miaka tisa nalala na sikio moja wazi, nasikiliza nani anatoroka. Leo nimelamb... leo nimelala. Mnatengeneza sitini. Lakini shuleni tuna ng'ombe kumi na mmoja, na sitaki kuamka nikute wasichana wamesimama wima kama mimi. Chumvi itoke yote. Nitalamba godoro mojamoja."

"Wadudu je?" akauliza Fundi, maana heshima ya kazi haikumwacha hata hapo.

"Mwarobaini," wakasema akina mama wote sita kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakisubiri kuulizwa tangu mwanzo.

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ndiye fundi," akasema Mama Sauti.

Matroni akaondoka. Kilimani alionekana akisimama mara moja, akivua kiatu, akiinua wayo mmoja na kuukuna kwa ncha ya mwavuli.

Akina mama walianza kutoa magunia kwenda kuyasuuza mtoni, wakibishana nani abebe lipi. Bwana Maziwa alimtoa Mkaguzi nje kwa matusi ya kawaida, na ng'ombe akatoka mara moja. Fundi alivuta kiti, akaondoa vijiko vitatu vilivyosahauliwa juu ya cherehani, akamkabidhi mkewe. Alitandaza marudufu, akachukua chaki. Sitini. Alianza kupiga hesabu ya urefu kwa midomo.

Shemeji alikuwa amekaa ukingoni mwa meza, juu ya ule upande wa godoro ulioshindiliwa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alibonyea kidogo. Akabonyea tena. Halafu, akidhani hakuna anayemwona, akalaza mgongo, akatazama dari, akabaki hivyo kwa muda ambao si wa mtu aliyekuja kuchukua mlinzi.

"Shemeji," akasema hatimaye.

"Naam."

"La upana wa futi tano linawezekana?"

"Linawezekana," akasema Fundi, uzi ukiwa mdomoni. "Lakini una zamu ya sitini na moja. Shuka hapo, nataka nipime kitambaa."